Kopo Namba Kumi na Saba

Chacha alinitangulia kufika Guangzhou. Nilipopanda ngazi kutoka kwenye treni ya chini ya ardhi na mabegi yangu mawili, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara ya Huanshi Zhonglu, chini ya bango la wasafirisha mizigo, ngumi yake ya kulia imefungwa vilevile. Nikavuka nikitazama magari, si yeye. Mtu aliyefukiwa na shimo la dhahabu miaka kumi na miwili iliyopita hana sababu ya kuogopa magari. Mimi ninayo.

Mimi si mtu wa mizimu. Nina stashahada ya kilimo, nimekagua mbegu mkoani Mara miaka kumi na minane, nimelea mtoto peke yangu, na sasa nina duka la nguo Musoma. Najua kwamba aliyekufa amekufa. Nadhani Chacha naye anajua. Anakuja tu, kama alivyokuwa akija ofisini kwangu kila Alhamisi, siku ya mnada. Alikuwa anasimama mlangoni bila kuingia, ananyoosha ngumi, anaifungua, ananionyesha mbegu za pamba, halafu anasema sentensi moja: "Bibi Shamba, hii siyo mbegu uliyoisainia."

Alisema hivyo Alhamisi kumi na moja, bila kuongeza neno wala kupunguza.

Guangzhou nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nguo, kwa sababu fulana za soko la Shahe hazina mshindani. Ya pili ni Natalia, binti yangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamivu kwenye chuo kimoja huko, akisomea vinasaba vya pamba. Visa ilikuwa ya siku thelathini. Nilipanga kumi za soko na ishirini za mtoto.

Siku ya kwanza alinieleza kazi yake huku tukila wali kwenye bwalo la wanafunzi. DNA ya pamba ni ndefu mno, alisema, na zaidi ya nusu yake ni vipande vinavyojirudia. Maneno yaleyale, mara kumi, mara elfu, mara laki. Vingine ni mabaki ya vitu vinavyofanana na virusi, vilivyoingia kwenye mmea kabla binadamu hajakuwepo, vikajinakili na kujinakili, kisha vikafa na kubaki humohumo. Watu wengi waliviita takataka. Yeye alivitafutia kazi. Kuna mahali neno fupi linajirudia mara kumi na nne katika aina moja ya pamba na mara kumi na tisa katika aina nyingine. Ukipima urefu wa mahali hapo, unajua mbegu ni ya aina gani hata kama kwa macho zinafanana kama pacha. Kila mahali pa namna hiyo alipaita alama, na alikuwa ametengeneza alama arobaini na moja.

"Kwa hiyo unasikiliza nani anarudia mara ngapi," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo, Mama. Umeelewa haraka kuliko kamati yangu."

Sikumwambia kwa nini nimeelewa haraka.

Ili kuzijaribu alama hizo alihitaji mbegu za zamani ambazo aina yake inajulikana kwa uhakika, na mwaka mmoja kabla ya safari yangu aliniomba mimi. Mkaguzi akimaliza kukagua shehena huweka kando kopo la mbegu za kumbukumbu, lenye namba, jina la aina, muhuri wa lakiri na sahihi yake. Nilipoacha kazi, stoo yetu ilikuwa inasafishwa na makopo ya zamani yanatupwa, nikaomba nipewe ya kwangu. Yalikuwa ishirini na manne, chini ya kitanda. Tulishughulikia vibali, nikayatuma. Nilimwonya kwamba mbegu hizo zimeshakufa, haziwezi kuota. Akanijibu kwenye simu, "Haidhuru, Mama. Mbegu ikifa bado inasema jina lake." Usiku ule sikulala.

Kopo namba kumi na saba lilikuwa miongoni mwa hayo. Nililishika, nikaliweka pembeni, nikalirudisha kwenye boksi. Nilijiambia kwamba pengo kwenye orodha lingeleta maswali. Hiyo haikuwa sababu yote.

Jumatatu nilikwenda maabara na chapati. Natalia alikuwa amekonda usoni, na mwenzake Anyango, Mkenya wa Kisumu anayesomea hapohapo, ndiye aliyenivuta pembeni na kunieleza. Ijumaa saa tisa alasiri Natalia anakutana na kamati inayoongozwa na msimamizi wake, Profesa Liang. Wakiridhika kwamba alama ni za kuaminika, anaandika kitabu chake na kumaliza. Wasiporidhika, alama zote zinawekwa kando na anaanza upya kwa njia nyingine, na ufadhili wake umebaki miezi sita. Mtu haanzi upya kwa miezi sita. Anarudi nyumbani mikono mitupu.

"Na shida iko wapi?" nikauliza.

"Kopo moja tu, mathe. Yale mengine ishirini na tatu yamejibu sawa. Hiyo seventeen inamchezea akili."

Natalia akanionyesha picha kwenye kompyuta. Ilikuwa nyeusi, na juu yake mistari myeupe imepangwa kama ngazi, kila safu ya mistari ikiwa mbegu moja. Kutoka kopo la kumi na saba alikuwa amepima mbegu kumi na mbili. Saba zilikuwa na mstari kwenye kimo kimoja, tano kwenye kimo kingine. Kopo la aina moja halitakiwi kufanya hivyo. Alikuwa amerudia mara tano, kwa dawa mpya, maji mapya, glovu mpya, na mbegu nyingine kila mara. Kila mara zilijigawa.

Niliona kitu kingine. Chini ya kila mstari palikuwa na mstari mwingine hafifu, kama mtu aliyesimama nyuma ya mtu.

"Hivi ni nini?"

"Vivuli," akasema. "Mashine ikifika mahali panapojirudia huteleza. Inaruka neno moja, inaacha kivuli chini kidogo. Tumevizoea, hatuvihesabu."

Anyango akasema labda kopo ndilo lenye kosa. Natalia akacheka, kicheko cha kwanza siku hiyo. "Hilo lina sahihi ya mama yangu. Humjui wewe. Alinichapa kwa kuandika tarehe vibaya kwenye daftari la sayansi. Kopo ni zima. Alama zangu ndizo zinazodanganya."

Nikamega chapati, nikala. Mtoto wangu alikuwa tayari kutilia shaka miaka minne ya kazi yake kabla ya kuitilia shaka sahihi yangu, nami nilitafuna.

Jumanne nilikwenda soko la Zhanxi kutafuta suruali. Nilimwambia mwenye duka, laobani mmoja mwenye sauti kubwa, kwamba hiyo siyo pamba, akaapa ni pamba tupu. Nikachomoa uzi mmoja kwenye pindo, nikauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Huu ulijikunja ukawa shanga nyeusi. Tukacheka wote wawili, akaniletea nyingine. Nilipoinua kichwa, Chacha alikuwa mlangoni pa duka, katikati ya wasukuma mikokoteni waliokuwa wakipiga kelele wapishwe. Mikokoteni ilipita. Hakuna aliyempisha wala kumgonga.

Kilichotokea ni hiki. Miaka kumi na mitatu iliyopita nilitumwa kukagua shehena ya mbegu kwenye ghala la kiwanda cha kuchambulia pamba. Ilikuwa aina mpya inayohimili mnyauko. Kwa macho haitofautiani na ile ya zamani, ambayo mnyauko huiua. Kanuni ni kwamba unachoma bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea mbegu, kwenye magunia ya kila safu, ya mlangoni, ya katikati na ya ukutani, kwa sababu mwenye kuficha huficha ukutani, na mwenye kukosea hukosea ukutani pia. Kisha mbegu unazochota unaziotesha na kuzijaribu kwa ugonjwa wenyewe. Kufika ukutani siku ile vibarua walihitaji saa mbili za kuhamisha magunia. Ilikuwa Ijumaa, na basi la mwisho la Musoma lilikuwa linaondoka saa kumi. Nilichoma bambo safu ya mlangoni tu. Jaribio likatoka safi, nikasaini shehena nzima.

Msimu ule pamba ya Chacha Nyamhanga ilifika magotini, ikanyauka. Ya jirani yake ikasimama. Watu walisema karogwa. Yeye hakusema hivyo. Alichukua mbegu zilizobaki kwenye gunia lake, akaja ofisini Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Nilimwambia aandike malalamiko, akaandika, nikayafungia kabatini. Shamba lake ni mwendo wa saa moja kwa pikipiki. Sikwenda kuliona.

Alhamisi ya kumi na moja hakuondoka na mbegu zake. Alizimwaga mezani kwangu, gao zima la mkono, akageuka akaenda. Mkuu wangu alikuwa anapandisha ngazi. Nikazikumba kwa kiganja, nikafungua kopo la kumi na saba, la shehena ileile, lililokuwa hapo mezani, nikazimimina ndani, nikapiga lakiri upya. Sikutaka kuzitupa na sikutaka kuziona. Mwaka uliofuata Chacha aliacha kulima, akaenda kwenye mashimo ya dhahabu, na shimo likamfunika. Habari niliipata mnadani nikinunua nyanya. Muda mfupi baadaye niliacha kazi na kuwaambia watu mshahara ni mdogo. Nao ulikuwa mdogo kweli.

Kwa hiyo alama za Natalia hazikuwa zinadanganya. Zilikuwa zinanisoma mimi.

Jumatano alinionyesha barua aliyoandika kwa Profesa Liang, ya kuziondoa alama mwenyewe kabla kamati haijaziondoa. Alisema ni heshima zaidi kufanya hivyo. Angeituma Alhamisi jioni. Nikamwambia asubiri. Akaniuliza asubiri nini, nikasema nguo zangu za dukani zina akili kuliko haraka yake, jibu la kijinga, akafunga kompyuta.

Alhamisi nilirudi maabara. Kule, baada ya chakula cha mchana, watu hulala. Taa zinazimwa, mapazia yanafungwa, kila mwanafunzi anakunjua kitanda kando ya meza yake, na ofisi nzima inakuwa giza katikati ya jua. Kunabaki mngurumo wa majokofu tu. Natalia alikuwa amelala chali, mkono juu ya macho. Anyango alikuwa amejifunika koti. Mimi nilikaa kwenye kiti.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na mwanga wa korido ulikuwa umeingia kama kipande cha ubao sakafuni. Juu ya mwanga huo palikuwa na kivuli cha miguu miwili. Sikuhitaji kuinua macho. Nilisikia vidole vikifunguka, na mbegu zikisuguana, sauti ndogo kavu. Akaisema sentensi yake. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa hai, akairudia. Akairudia tena. Sauti haikupanda wala kushuka, na baada ya muda sikuweza tena kuitenga na mngurumo wa majokofu.

"Natalia," nikasema.

"Mama, ni saa ya kulala."

"Kopo ni bovu."

Aliondoa mkono machoni. "Kopo gani?"

"La kumi na saba. Alama zako ni nzima. Mbovu ni mimi."

Akaketi. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kwa sauti ya chini, kama ninavyotoa ripoti: ghala, safu ya mlangoni, Chacha, kabati, gao la mbegu, lakiri. Hakulia na hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza maswali ya mkaguzi. Mbegu kiasi gani? Kopo lilikuwa limejaa kiasi gani kabla? Nani mwingine alilifungua? Nikajibu.

"Kwa nini hukufika safu ya ukutani?"

"Nilikuwa na haraka."

"Ya nini?"

"Basi."

Hilo ni kweli. Sikumwambia kwamba kesho yake ilikuwa siku ya kipaimara chake, na gauni lake jeupe lilikuwa kwenye begi langu. Mzigo huo si wake.

Anyango alikuwa ameamka, nilijua kwa jinsi koti lilivyotulia.

"Maneno yako hayatoshi, Mama," Natalia akasema. "Kesho wataniambia mama yako amekuja kukuokoa. Nami kama ningekuwa kamati ningesema hivyohivyo."

"Ndiyo maana kuna majivu," nikamjibu.

Hakuelewa, kwa sababu hajawahi kupanda pamba, ameisoma tu. Mbegu ya pamba ina manyoya, na ukiichota inashikana mkononi kama pamba yenyewe. Wakulima wa kwetu, kabla ya kupanda, huisugua kwa maji na majivu ya jikoni ili manyoya yalale. Chacha alikuwa ameshaziandaa zake. Mbegu za kumbukumbu hazisuguliwi kamwe. Aliyejua cha kutafuta angeweza kuzitenganisha kwa macho.

Tukamwaga kopo kwenye trei chini ya lenzi. Safari hii nilifanya kazi kama kanuni inavyotaka. Nilichambua mbegu moja moja kwa koleo ndogo, nikaweka kumi zenye majivu kwenye manyoya na kumi zisizo nayo. Anyango akazichukua, akaziosha, akaziweka kwenye vichupa ishirini vyenye namba alizozichanganya mwenyewe, na orodha ya namba hizo akaifungia kwenye droo yake. Mimi sikujua ipi ni ipi, wala Natalia hakujua. Alisaga, akachuja, akapakia mashine jioni, akaniambia nikalale. Hakuniita Mama aliposema hivyo. Barua hakuituma.

Ijumaa saa tatu asubuhi picha ilitoka. Mistari ishirini, na vivuli vyake ishirini chini. Natalia akaandika kwenye karatasi namba za kimo cha juu na namba za kimo cha chini. Anyango akafungua droo, akasoma orodha yake polepole, kidole kikifuata. Kumi zenye majivu zote zilikuwa kimo kimoja. Kumi zisizo na majivu zote zilikuwa kingine. Hakuna hata moja iliyovuka.

"Wueh," Anyango akasema.

Natalia akaburuta picha ya kopo namba nne, akailaza kando. Hilo lilikuwa la aina ya zamani, inayokufa kwa mnyauko. Mbegu za Chacha zilikuwa zimelingana nalo katika alama zote arobaini na moja, ambazo mashine ilizipima usiku kucha. Alikuwa ameniambia ukweli Alhamisi kumi na moja, na ilinichukua miaka kumi na mitatu na mtoto wangu mwenyewe kumsikia.

"Sampuli hii inahitaji jina la chanzo," Natalia akasema, macho kwenye kompyuta. "Aliitwa nani kamili?"

Nikamtajia, herufi kwa herufi.

Kamati ilikaa dakika hamsini. Nilisubiri kwenye benchi la korido. Natalia alipotoka alisema alama zimekubaliwa, na kwamba Profesa Liang aliuliza kopo lilichanganywa vipi. Alimjibu kwamba mkaguzi alikiuka kanuni, na kwamba ameliandika hilo kwenye kitabu chake pamoja na jina la mkaguzi. Hakuniomba ruhusa. Angeniomba ningemgombeza.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Kasirika. Lakini kwanza ule."

Alikula. Mimi nikatoka nje na simu. Namba ya mjane wa Chacha, Dainess, nilikuwa nimeipata asubuhi kwa katibu wa kanisa lao. Kwao ilikuwa bado asubuhi, nikasikia kuku. Nikajitambulisha, nikamweleza, tangu safu ya mlangoni hadi vichupa ishirini. Nikamwambia nitaandika barua kwa ofisi yangu ya zamani, na kwamba malalamiko ya mumewe kama bado yako kabatini ninajua rafu.

Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Sisi tulijua, Bibi Shamba," akasema. "Mume wangu hakuwa anakuja kwako ili ajue. Alikuwa anakuja ili wewe useme."



Akaniambia mbegu nyingine zilimwagika nyuma ya choo mwaka ule, na tangu hapo zinaota zenyewe. Kila mwaka zinachipua, zinafika magotini, zinatoa vitumba viwili vitatu, zinanyauka. Mwaka unaofuata zimeota tena. Wanawe walitaka kuzing'oa, akawakataza. "Nizing'oe?" akauliza. "Wewe ndiye mtaalamu."

Kanuni naijua. Mabaki ya pamba hung'olewa na kuchomwa kila msimu, yasibebe magonjwa. Nimewafokea wakulima kwa hilo miaka kumi na minane, na wengine nimewapeleka kwa mtendaji.

"Usiziguse," nikasema. "Nitakuja kuziona mwenyewe."

"Njoo Alhamisi. Siku ya mnada nakuwepo."

Nilirudi ndani. Taa zilikuwa zinawaka, watu wamerudi kwenye meza zao, Natalia amesinzia juu ya sahani. Nikatazama mlangoni, nikatazama korido mpaka mwisho. Hapakuwa na mtu. Nadhani Chacha ametangulia kwao.